Analalia mito mingapi, na siku hizi anasali kwa kukaa?

Swali la msomaji: Assalaamu alaykum. Mimi ni mtu wa Wete, nafanya kazi mjini Unguja. Mama yangu ana presha ya miaka mingi, na mwaka jana tukaambiwa moyo umepanuka, hausukumi damu sawasawa. Dawa anakula. Sasa wamekuja wauguzi wa utafiti, wamempa daftari: kila jioni iandikwe hali ya pumzi zake, uchovu, usingizi na miguu kuvimba, na kila asubuhi apime uzito. Dawa hawakumwongezea hata moja. Dada yangu ndiye anayemuuguza, na yeye anaona wanampotezea wakati, tena mama mwenyewe hasomi wala haandiki, anaandikiwa na mjukuu. Huu ni utafiti kweli? Na mama anapata nini, au ni watu wanatafuta shahada zao tu?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalomkera dada yako. Ndiyo, inawezekana kabisa kuna mtu atapata shahada kwa daftari hilo. Wauguzi wengi wanaofanya utafiti huku kwetu ni wanafunzi, wa SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au wa vyuo vya bara, na hiyo ndiyo kazi yao ya kumalizia masomo. Sioni ubaya wake. Ubaya ni daftari kujazwa, likachukuliwa, na mama akabaki vilevile. Hapo ndipo pa kuangalia, na nitakueleza namna ya kuangalia.

Kwanza hicho kidonge ambacho hakikuongezwa. Moyo ukishachoka kwa presha ya muda mrefu, dawa zinaupunguzia mzigo, zinarefusha maisha na zinapunguza kulazwa, na mama asiziache hata siku moja. Lakini dawa zikishafanya kazi yake, kuna mambo bado yanabaki. Anaamka usiku akitafuta hewa. Anafagia nusu ya uwanja, anakaa. Miguu jioni imejaa. Hayo yaliyobaki ndiyo anayoishi nayo. Daktari humuona mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu, dakika chache, asubuhi, amekaa kitini na buibui lake safi. Saa nane za usiku hamuoni. Wauguzi watafiti wameushika usiku huo: dalili inaanzaje, inazidishwa na nini, inapozwa na nini, hata pale ugonjwa wenyewe hauondoki.

Hawakuanza jana. Mwaka 1968 muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, aliandika kwamba maumivu ni lile analolisema mwenye kuumwa, na yapo kila anaposema yapo. Kwa zama zile lilikuwa neno zito, kwa sababu mazoea yalikuwa mgonjwa aseme na mtu mwingine aamue kama anaumwa kweli. Katika miaka ya 1990 wauguzi wengine, akiwemo Elizabeth Lenz, wakaitoa fikra hiyo kwenye maumivu peke yake wakaipeleka kwenye dalili zote zinazomsumbua mtu. Wakasema kila dalili ina pande nne za kuulizia: ukali wake, wakati wake, namna inavyohisika, na kiasi inavyomkera mwenyewe. La nne ndilo linalosahauliwa sana. Miguu ya mama inaweza kuvimba kidogo tu, isimuume hata chembe, lakini kama imemzuia kwenda harusini kwa kukosa kiatu kinachomkaa, kwake hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Cheti cha hospitali hakitaandika hivyo.

Tena dalili haziji mojamoja. Mwaka 2001 Marylin Dodd na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionesha kwa wagonjwa wa saratani jinsi maumivu, uchovu na kukosa usingizi yanavyotembea pamoja, na jinsi kundi zima linavyomwangusha mtu kuliko kila moja peke yake. Kwa mwenye moyo dhaifu, kundi ni pumzi, usingizi na uchovu. Nikupe mfano ambao kila muuguzi wa wodi ya watu wazima anaujua.

Mgonjwa anakula kidonge cha maji, yaani cha kutoa maji mwilini kwa mkojo, furosemaidi, saa mbili za usiku, kwa kuwa ndipo anaporudi nyumbani mtu wa kumkumbusha. Kidonge kinaanza kazi ndani ya saa moja na kinaendelea kwa saa sita au nane. Basi usiku kucha ni njia ya chooni, na choo kiko uani. Asubuhi hana nguvu, anaambiwa ni uzee. Mchana anasinzia, usiku usingizi umekwisha. Baada ya siku kadhaa anakiruka kidonge kwa makusudi ili alale. Maji yanarudi kifuani, anaamka tena, safari hii kwa kukosa pumzi. Akifika kwa daktari anasema neno moja: silali. Akiandikiwa dawa ya usingizi hapo, chanzo kimefukiwa. Daftari lenye saa ya kidonge, mara alizoamka na hali ya asubuhi litauonesha mkasa wote kwa siku chache tu, na tiba yake huenda ikawa ni kuhamisha saa. Kwa kawaida kidonge hicho huliwa asubuhi, na kama ni mara mbili kwa siku, cha pili kisivuke alasiri. Ila saa ya dawa ya mama waibadilishe wanaomtibu, si mimi kutoka huku. Ramadhani ndiyo tatizo hili huzidi, maana dawa zote huhamia usiku, kwa hiyo mgonjwa wa moyo mwenye nia ya kufunga azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama.

Kuna na wanaokiruka siku ya kliniki yenyewe. Wanaogopa kushikwa na haja ndani ya gari baina ya Wete na Chake. Matokeo yake daktari huwakuta siku ambayo wamejaa maji kuliko kawaida yao, anaongeza dozi, na dozi hiyo nayo inaogopwa. Mtu hatalisema hilo asipoulizwa, na mwenye kuuliza ni yule aliyeona kwenye daftari kwamba kila siku ya safari mstari wa kidonge uko mtupu.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo dada yako analijua kuliko mtafiti yeyote. Mtu mzima wa Kipemba ukimuuliza hali, atakujibu alhamdulillahi. Hakulala, alhamdulillahi. Kifua kinambana, alhamdulillahi. Ni adabu na ni imani, na hakuna haja ya kumtoa huko. Ndiyo maana muuguzi anayejua kazi yake haulizi “unajisikiaje”. Anauliza: unalalia mito mingapi? Mwezi uliopita ilikuwa mingapi? Mtu aliyekuwa analala kwa mto mmoja, akahamia miwili, kisha mitatu, na sasa analala amekaa amejiegemeza ukutani, amekwisha kueleza habari ya mapafu yake bila ya kulalamika hata kidogo. Akilala chali, maji yaliyokuwa miguuni mchana hurudi juu, na moyo dhaifu hauwezi kuyapokea, yanajazana kwenye mapafu. Mito ni kipimo, na haina gharama.

Swali jingine ninalolipenda: siku hizi anasali kwa kukaa? Mwaka 2014 madaktari wa Dallas, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 102 wa moyo dhaifu. Karibu 3 katika kila 10 walikosa pumzi ndani ya nusu dakika wakiinama mbele, na hao ndio waliokuwa na shinikizo kubwa zaidi ndani ya moyo. Wenzetu walitaja kuinama kufunga viatu. Kwetu mama mtu mzima ana kandambili, hafungi viatu, lakini anakwenda sijda kila siku, rakaa kwa rakaa. Akianza kusali juu ya kiti na watu wa nyumbani wakadhani ni magoti, muulizeni vizuri: ni magoti, au ni pumzi?

Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutaka utafiti ufanywe huku huku. Hojaji maarufu za ugonjwa wa moyo zilizotungwa Marekani humuuliza mtu kama anaweza kupanda ngazi bila ya kusimama, au kukimbilia basi. Mpelekee swali hilo bibi wa kijiji cha Micheweni ambaye nyumba yake haina ngazi. Atajibu “hapana tabu”, na jibu litaingia kwenye hesabu kama afya. Kwetu aulizwe kuhusu kuchota maji, kutwanga, kukuna nazi, kufuata mwani maji yanapokupwa, kuchambua karafuu siku nzima amekaa kwenye mkeka. Na wagonjwa wetu si wazee peke yao. Utafiti wa wagonjwa 427 uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta wastani wa umri ni miaka 55, na presha ndiyo chanzo kikubwa, asilimia 45. Huko Ulaya wengi wao wamepita 70 na wamestaafu. Wa kwetu bado analisha watoto.

Sasa, je, madaftari yanasaidia kweli? Hapa nitakuwa mkweli, maana ushahidi wenyewe hauko upande mmoja. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa St. Louis, Marekani, kwa wagonjwa 282 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliokuwa wamelazwa kwa moyo dhaifu. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa muuguzi aliyewasomesha kwa kina kuhusu ugonjwa wao, chakula, dawa na kupima uzito, na baada ya kuruhusiwa wakafuatwa nyumbani na kwa simu. Ndani ya siku 90, waliopata huduma ya kawaida walirudi kulazwa mara 94. Wale wa muuguzi, mara 53. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa hapo.

Lakini mwaka 2010, Marekani hukohuko, wagonjwa 1,653 waligawanywa vivyo hivyo, na kundi moja likatakiwa kupiga simu kila siku kwenye mashine inayojibu yenyewe, wabonyeze majibu ya dalili zao na uzito, kisha wahudumu wayapitie. Matokeo: hakuna tofauti, si kwa kulazwa tena wala kwa vifo. Katika kila 7 kulikuwa na 1 ambaye hakupiga hata mara moja, na mwisho wa miezi sita waliobaki wakipiga japo mara tatu kwa wiki walikuwa kama nusu tu. Dalili zilizokusanywa zilikuwa zilezile. Uzito uleule. Mimi ninavyousoma, kilichokosekana ni mtu anayemjua mgonjwa, anayeona tarakimu ya leo na kukumbuka ya wiki iliyopita, kisha akafanya jambo siku hiyohiyo. Barbara Riegel, muuguzi ambaye ameutumia umri wake wa kazi kuchunguza namna wagonjwa wa moyo wanavyojihudumia, aliirekebisha nadharia yake mwaka 2016 akaweka hatua nzima ya kuitambua dalili kati ya kufuata dawa na kuchukua hatua, kwa sababu wengi hukwama hapo hapo: wanahisi, lakini hawajui kwamba wanachokihisi kina maana.

Kwa hiyo dada yako anaweza kuwa sahihi. Daftari lisilosomwa na mtu ni kupoteza wakati.

Likisomwa, kuna mengi ya kufanya yasiyotoka kwenye duka la dawa. Chukua pumzi. Mwaka 1999 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti wa wauguzi, akiwemo Jessica Corner, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Waliohudhuria kliniki ya muuguzi kila wiki, wakafundishwa kuitawala pumzi, kugawa kazi za siku, kutuliza mwili, na wakapata wa kuzungumza naye kuhusu hofu yao, baada ya wiki nane pumzi zilikuwa nafuu kuliko wenzao. Saratani ilikuwa palepale. Kisha mwaka 2010, huko Cambridge, wagonjwa kama 50 wa mapafu na moyo walipewa feni ndogo ya mkononi: dakika tano waielekeze usoni, dakika tano mguuni. Ya usoni ilipunguza dhiki ya pumzi, ya mguuni haikufanya kitu. Hewa baridi ikipiga mashavu na pua, mishipa ya fahamu ya uso hupeleka habari kwenye ubongo, na ile njaa ya hewa inapungua japokuwa oksijeni haikuongezeka.

Kipepeo cha ukindu hicho mnacho nyumbani. Mama akibanwa, akae wima, ainamie mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja au juu ya mto, mabega ayalegeze, apulize nje taratibu kama anayepoza chai. Mtu mwingine ampepee usoni, kutoka kitambo cha mkono hivi, upande hadi upande. Nasema mtu mwingine kwa sababu akijipepea mwenyewe mkono unatumia pumzi zilezile anazozitafuta. Feni ya betri nayo inafaa. Mjukuu aandike: ilianza saa ngapi, alikuwa anafanya nini, ilipoa baada ya muda gani. Mistari mitatu hiyo inamfaa daktari kuliko hadithi ndefu.

Kuhusu uzito, mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka. Apime asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai, na nguo nyepesi. Chakula hakiwezi kumuongezea mtu kilo mbili za nyama kwa siku tatu. Hayo ni maji, lita moja kilo moja. Ikizidi kilo mbili ndani ya siku tatu, pigeni simu au mwende, msingoje tarehe ya kliniki. Vidonge vya maji ni kama kufua ngama, maji yaliyoingia chomboni: ukiona maji yanapanda haraka kuliko unavyoyatoa, utafute yanapoingilia. Kwetu mara nyingi yanaingilia jikoni. Ng'onda, papa mkavu, achari, mchuzi wa vidonge vya supu. Kumwambia mama wa Pemba aache ng'onda kabisa ni kumwambia asile, kwa hivyo iroweshwe, maji yamwagwe, irudiwe, na chumvi nyingine isitiwe. Ndimu na pilipili manga zifanye kazi yake. Mlango mwingine ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa kwa ajili ya magoti huzuia chumvi na maji mwilini na huuzidishia moyo mzigo. Muangalie kwenye mkoba wake. Nimekwisha kuona mgonjwa anayeandikiwa dozi kubwa zaidi ya vidonge vya maji huku mkoba umejaa diklofenaki, na hakuna aliyemuuliza.

Mama kutojua kuandika si kizuizi. Watoa huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, barani Afrika wamezoea kutumia mkono: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna taabu, kidole kimoja ni taabu kidogo, vitano ni mbaya kabisa. Mama aoneshe, mjukuu ahesabu, aandike tarakimu. Sharti moja tu: aandike alichooneshwa, asiandike anavyoona yeye. Watoto wanampenda bibi yao na huwa wanapunguza vidole. Na dada yako asimsemee, hata kama anamjua mama yake. Akiona tofauti na alivyosema mama, aandike pembeni kwa jina lake.

Kuna mambo ambayo hayangoji daftari. Pumzi kubana akiwa ametulia tu na kipepeo kisisaidie, maumivu ya kifua, kuzimia, kuchanganyikiwa, kukohoa mate ya povu lenye rangi ya waridi: hospitali, saa ileile, usiku au mchana.

Ama hao wauguzi, waulizeni kwa heshima na bila ya haya. Utafiti wa afya kwa watu hapa Zanzibar unahitaji kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya, ZAHRI, muombe kukiona. Mama alipaswa kusomewa karatasi ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba mbele ya shahidi kama haandiki, na abaki na nakala. Kisha muulize yale mawili yanayotenga daftari la faida na daftari la kabatini: nani analisoma, na kila baada ya siku ngapi? Akiona mama ameonesha vidole vinne kwa usiku tatu mfululizo, anafanya nini siku hiyo? Nambari ya simu ya huyo mtu ibandikwe juu ya jalada.

Wakishindwa kujibu, mama anaweza kujitoa, na matibabu yake hayatakiwi kuguswa kwa sababu hiyo. Lakini mwambie dada asilitupe daftari, na mizani ibaki. Siku ya kliniki walichukue, na kabla daktari hajauliza hali na mama hajajibu alhamdulillahi, amuwekee mezani ukurasa wa wiki ya mwisho, umefunguliwa.